Salamu za Kijapani Githongo

Kendi, mkulima wa kahawa hapa Githongo, ana gari la mtumba lililotoka Japani. Kila asubuhi akiliwasha, mwanamke fulani ndani ya redio humsalimu kwa Kijapani, naye Kendi humjibu kwa Kijapani hichohicho, kwa sauti ya kufika hadi kwa majirani.

Wiki iliyopita fundi Gikunda alikuja kumtengenezea breki. Aliposikia salamu hizo alicheka.

"Mama, hii programu ya redio ni ya zamani. Wacha niweke mpya, ikuongeleshe Kizungu. Iko na lugha ishirini."

"Kimeru iko?"

"Hapana, mama."

"Basi iache vile iko."

"Lakini si Kizungu unajua?"

Kendi alifunga mlango wa gari kwa kishindo.

"Najua, ndiyo. Shuleni ukiongea Kimeru ulivishwa kibao shingoni ushinde nacho, halafu jioni unachapwa mbele ya wenzako. Hivyo ndivyo nilijua Kizungu. Hiki Kijapani nimejifunza ndani ya gari langu, na hakuna mtu amenichapa."