Kikapu Kilichokuja Bila Matabishi

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, amesomea kuzungumza. Ana cheti. Amekifunga ndani ya nailoni kisishike mafuta ya samaki, akakitundika juu ya meza yetu ya soko kuu la Bunia, kati ya mzani na picha ya Bikira Maria, na mteja anayeinama kunusa samaki akiinuka anakutana uso kwa uso na mhuri. Mimi sina cheti cha mdomo. Nimeuza samaki wa Ziwa Albert tangu nikiwa msichana, na hakuna mnunuzi aliyewahi kuniuliza nani alinifundisha kufungua kinywa.

Semina yenyewe ilifanyika katika ukumbi wa kukodi. Nilienda asubuhi ya kwanza kwa sababu walitangaza kuwa chakula kipo. Mwalimu alikuwa ametoka mbali, na viatu vyake vilivyochongoka vilikuwa vimeshaliwa na vumbi letu. Alishika mikrofoni mbele ya watu wachache ambao wangemsikia hata akikohoa. Akatueleza kwamba mtu anayejua kuzungumza, iwe kazini iwe nyumbani, husema kwa ufupi, husema wazi, hashindani, na hushukuru. Akisikia neno la mwenzake, alirudie ili mwenzake ajue amesikika. Asiseme "weye uko mubaya", aseme "mimi najisikia vibaya".

Mama mmoja wa vitenge akanyoosha mkono. "Na kama iko mubaya kweli?"

Mwalimu akamshukuru kwa swali lake zuri. Lile ndilo lililokuwa jibu.

Nyuma walikuwa wanapanga sahani. Nikazihesabu, nikahesabu vichwa vya watu, nikahesabu tena pande zote mbili. Sahani zilikuwa chache kuliko vichwa. Nikawaza: mtu huyu ameshindwa kujua ni wangapi watakula kwake, anataka kunifundisha kujua moyo wa mtu. Nikachukua mkoba wangu nikarudi sokoni. Wifi akabaki mpaka cheti.

Kaka yangu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuumia. Jioni moja alikuja kwangu, akavuta kiti bila salamu, akaangalia jikoni.

"Dada, uko na chakula?"

"Kwako hawajapika?"

"Imepikwa. Nimeuliza chakula iko wapi, bibi yangu ananiangalia mu macho, anasema: kama nimekuelewa muzuri, uko nasema uko na njaa. Nikasema ndiyo. Anasema asante kwa kuniambia namna unajisikia." Akakata ugali. "Leo nimesikilizwa mpaka sufuria ikapoa."

Nilicheka, kwa sababu njaa ilikuwa ya kaka. Sikujua kuwa yangu iko njiani.

Biashara yetu, mimi na wifi, inasimama juu ya mtu mmoja. Ni mama mmoja wa Kasenyi, kule chini ziwani, anayekausha samaki kwa moshi na kututumia kikapu kila wiki kwa gari. Wengine wa kule wanauzia wale wenye gari lao wenyewe. Mtu kama mimi wanamwambia arudi kesho. Yeye alinikubali zamani, nami sikumpa nafasi ya kujuta. Kikapu chake kinalisha nyumba yangu na nyumba ya kaka yangu, kinalipa shule ya watoto wa pande zote mbili. Kikienda kwa mwingine, meza yetu inabaki mbao tu. Na mwingine yupo: mama wa meza ya kona, ambaye tangu zamani anamtumia yule mama wa Kasenyi salamu ambazo hakuna aliyemwomba.

Siku ya kupatana bei, mimi ndiye niliyekuwa nashika simu. Anataja bei, napiga kelele. Namuuliza kama samaki wake wamevaa dhahabu. Anasema nina roho ya mamba. Nasema wiki iliyopita kulikuwa na tilapia aliyekufa kwa uzee, nimemuuza kwa huruma. Ananiita mwizi wake. Katikati ya matusi hayo ndipo anapoeleza yote: mjukuu ana homa, upepo umefunga mitumbwi, kuni zimepanda. Hasemi kwa kulia. Anasema kama sababu ya kukataa kushusha. Nami nampa za kwangu kama sababu ya kukataa kupandisha. Tunamaliza tukiwa tunajua kila kitu cha kila mmoja, na bei inaangukia palepale ilipoangukia wiki iliyopita.

Kisha kikapu kinakuja, na juu ya hesabu kuna matabishi, nyongeza ya bure. Bunia kila muuzaji anatoa matabishi, hata wa maharagwe anakutupia gao moja baada ya kupima. Lakini ya yule mama inafungwa peke yake katika jani la mgomba, na hatuitaji kwa jina kwenye simu. Tilapia wawili: kwake ni salama. Kipande cha kapitene, yule sangara mkubwa: kuna furaha, mtu amezaa au amepona. Kichwa tu: hajafurahi na bei, lakini tuko pamoja. Nikifungua lile jani naijua Kasenyi kuliko mtu aliyelala huko.

Halafu malaria ikanilaza, na simu ikaenda kwa mwenye cheti.

Niliporudi sokoni, miguu bado ikiwa laini, kikapu kilikuwa kimefika asubuhi hiyo. Nikahesabu samaki. Nikahesabu tena. Hesabu ilitimia kabisa, samaki kwa samaki, na hapakuwa na jani. Nikainua kikapu nikaangalia chini yake kama mtu aliyepoteza hereni.

"Iko sawa?" wifi akauliza.

"Iko sawa. Na ile njo shida."

"Kama nimekuelewa muzuri, uko nasema hesabu imetimia na haujisikii vizuri."

"Wifi, usinirudilie maneno kama kasuku ya padri. Mulizungumuza nini na ile mama?"

Akaeleza kwa fahari. Alipiga simu, mama wa Kasenyi akataja bei. Wifi akanitajia bei hiyo.

"Ile bei ilikuwa ya samaki ama ya mutumbwi?"

"Iko bei yake. Sikushindana naye. Nilimushukuru, nikasema tumepokea, tunaheshimu ushirikiano wetu. Ilikuwa fupi, ya wazi, hata unite ya simu haikuisha."

Nilimtazama mtu huyu ambaye kaka yangu alimtolea mbuzi wazuri. Mtoto wa Bunia anayetumwa chumvi anajua kwamba bei ya namna ile si bei. Ni mtu anayegonga mlango. Yule mama alitaja kitu kisichowezekana ili mtu ashtuke, apige kelele: mama, unaniua, ni nini imekupata? Naye aseme kilichompata. Badala yake mtu akamwambia asante, akakata simu.

Nikaeleza hayo yote. Wifi alisikiliza vizuri sana, kichwa kimeinama upande, macho yake ndani ya yangu, kama walivyofundishwa. Hakuelewa hata kidogo. Nilipoenda kunywa dawa, akamtumia yule mama sauti kwa simu, ndefu, bila kuniuliza. Nilikuja kuisikia baadaye. Ilianza hivi: "Mama, wakati matabishi inakosa, mimi najisikia huzuni, ju niko na hitaji ya kuthaminiwa."

Yaani alimdai matabishi! Kwa mdomo! Kitu ambacho hata wezi wa soko hawajafikia.

Wiki iliyofuata gari lilifika na kikapu hakikuwemo. Dereva akashuka akajifuta jasho, akazunguka meza yetu kama mtu anayekwepa tope.

"Kikapu iko wapi?" nikamuuliza.

"Mama, mimi ni dereva tu."

"Dereva wa nini, wa hewa? Kikapu iko wapi?"

"Amesema hivi: ile mama anajua kusema, auze maneno. Maneno haiozi." Akaangalia viatu vyake. "Na amenipa samaki kidogo za mama wa kona. Za kuonja."

Wifi akaweka mkono kifuani. "Nasikia hasira ndani ya ile ujumbe."

"Hongera," nikamwambia.

Asubuhi yake nikapanda moto, pikipiki ya abiria, kwenda Kasenyi. Barabara ile inashuka mpaka masikio yanaziba, na ziwa linajionyesha mbali, tambarare, halionyeshi haya yoyote. Sikubeba zawadi. Mtu anayekuja na sukari mkononi ameshakiri kwamba kuna kesi. Njiani nilikuwa nahesabu nyumba mbili zetu, midomo ya kwangu na ya kaka, nikawa napata jibu lilelile kila mara, na halikuwa zuri.

Nilipofika kwake sikupiga hodi, nilisimama. Ua lilikuwa ndani ya maji. Ziwa lilikuwa limepanda mpaka kwenye tanuri lake la kukaushia, lile la udongo lililokuwa refu kuliko mimi, na limebaki nusu, kama jino bovu. Yeye alikuwa ameketi juu ya sanduku kwa jirani, anakausha samaki wachache juu ya kipande cha pipa. Aliniona. Hakuinuka.

Yule mwalimu angeniambia nifanye nini? Nimwangalie machoni, nimwambie naona una maumivu. Angenipiga na samaki, na angekuwa na haki.

Nikaenda moja kwa moja kwenye pipa, nikachukua tilapia mmoja, nikamgeuza.

"Huyu alikufa na nini, mama? Kifafa?"

Akageuza samaki mwingine.

"Nauliza ju wateja yangu wataniuliza. Mwaka hii samaki za Kasenyi ziko na uso wa mutu anadaiwa."

Jirani akacheka, akaona hakuna mwenzake, akaacha. Nikataja bei, ndogo kiasi cha kutukana ukoo mzima. Akapuliza moto wa pipa. Basi nikafanya linalofanywa: nikageuka nikaondoka, polepole, sikio likiwa nyuma. Sokoni muuzaji anakuita kabla hujafika meza ya pili. Huyu hakuniita. Nikapita nyavu zilizoanikwa, nikapita mtumbwi unaozibwa. Nikafika njia kuu. Hapo nikajua kuwa kuna watu wanaoondoka wakiwa wanapatana na kuna watu wanaoondoka kweli, na kwamba mimi sijui tena niko wapi. Akilini niliwaona watoto wa kaka yangu wamerudishwa nyumbani na mwalimu wa shule.

"Weye mwizi!" Sauti ilitoka nyuma, na kijiji chote kikageuka. "Rudisha samaki yangu!"

Nilikuwa bado nimemshika yule tilapia mkononi. Siapi kwamba nilimsahau.

Nikarudi mbio, na mbio si desturi ya mtu anayepatana bei. "Punguza basi nikulipe."

"Nipunguze namna gani? Hauna macho? Maji imekula tanuri yangu!"

"Imekula tanuri, haikukula samaki. Punguza."

"Nakausha juu ya pipa ya jirani, kidogo kidogo, nalala hapa ju wezi, na weye unaniambia punguza? Roho ya mamba!"

"Mamba iko na ziwa. Miye niko na kaka anakula kwangu."

Ndipo mdomo wake ukatetemeka, ukakataa kulia, ukaamua kucheka. Akasogea juu ya sanduku, nikaketi. Akasema, sasa bila kelele: "Ile siku nilitaja bei ya kichaa. Nikangoja mutu alie. Anasema asante. Nikajua mumeisha niacha. Mutu anasema asante kwa bei ile, iko na mwingine anamupa samaki."

"Ile alikuwa wifi yangu. Alisomea."

"Alisomea nini?"

"Kuzungumuza."

Aliniangalia kwa huruma ambayo sikuwa nimeiona hata nilipofiwa. "Pole," akasema.

Tulipatana mpaka jua likawa la kuondoka. Mapipa mawili matupu ya kukaushia yangetoka Bunia kwa gari lilelile, kwa sababu najua gereji inayoyatupa; tanuri jipya lingekaa juu, mbali na maji; bei ingepanda kidogo mpaka tanuri likauke, halafu irudi. Mama wa kona tulimtaja mara moja tu. "Salamu zake ni mingi sana," akasema, na kesi yake ikaisha hapo.

Kikapu kikaja wiki iliyofuata. Nikahesabu, nikahesabu tena, na juu kulikuwa na jani: tilapia wawili, wadogo, wamekaushwa vibaya juu ya pipa. Karibu niwabusu. Pembeni kulikuwa na jani la pili, na dereva akasema hilo ni la yule mama mwenye cheti.

Wifi akalifungua mbele ya wateja. Ndani alikuwa kapitene mzuri, mzima, mnono kuliko wote. Mdomo wake ulikuwa umefungwa kwa kamba ya mgomba, ikazungushwa vizuri, ikakazwa kwa fundo.

Muuzaji wa vitunguu wa jirani akaangalia, akainama chini ya meza yake kama anatafuta kitu. Dereva akaingia garini. Mimi nikashika mzani nisicheke.

"Unaona?" wifi akasema, macho yakimng'aa. "Sauti yangu ilimufikia. Na amefunga muzuri, asivunjike." Akampiga picha, akaiweka kwenye statut ya simu yake, waione wote, na maneno ya kushukuru. Kisha akachukua kisu, akakata ile kamba.

Simu ya Kasenyi inakaa kwangu sasa. Nikiumwa tena, nitapatana bei nikiwa kitandani.