Bunduki ya Upepo ya Jirani

Mnisamehe nikikisimulia vibaya kisa hiki, maana shujaa wake si mimi. Huku kwetu Kapseret, jirani yangu amenunua bunduki ya upepo. Kila usiku anawasha tochi, anachuchumaa nyuma ya nyumba na kuwalenga panya wanaovuka ua wake. Tap! Mke wangu anaacha chai ipoe ili asikilize vizuri.

Juzi tukakutana naye kwenye agroveti, duka la mbegu na dawa za mifugo. Mke wangu akamsalimia kwa mikono miwili, salamu ambayo mimi sijaiona tangu harusi.

"Jirani, wewe ni mwanaume kamili! Huyu wangu akiona panya anapanda kiti."

"Nilikuwa naangalia ametokea wapi," nikajitetea.

Muuzaji alicheka mpaka akaegemea kaunta. Wivu ukanipanda. Nikamgeukia jirani: "Na hao panya wako hawaishi, kwani unawafuga?"

Akavua kofia kwa heshima. "Mzee, wanatoka kwa stoo yako. Si bado umefungia mahindi ya mwaka jana ukingoja bei ipande?"

Mke wangu alinitazama kuanzia viatu hadi kichwa. Kumbe mwenzangu analenga tu. Ushujaa wake wote ninaulisha mimi, tena kwa magunia.