Magamba ya Chaza

Kila nifunguapo gunia la chakula cha kuku, harufu ya magamba ya chaza wa baharini yaliyopondwa na kuchanganywa humo hunirudisha uani kwetu Eldoret, utotoni. Jirani yetu, aliyeolewa kutoka nchi ndogo ya visiwani, siku moja alichuchumaa kando ya gunia kama hilo, akachota magamba kiganjani. Machache hayakuwa yamepondwa. Yalikuwa madogo kama kucha zangu.

"Chaza hawa ni wachanga," alisema. "Kwetu ilianza hivi. Wakubwa waliisha, tukaanza kuokota watoto."

Mama akacheka. "Wacha hiyo maneno. Hii ni chakula ya kuku tu."

"Mamangu kule kwetu anaishi kwa kuokota chaza. Sasa hivi anaokota nini?"

Mama aliacha kucheka. Jirani akafumba kiganja, akabaki amechuchumaa, huku kuku wakimdonoa vidole ili afumbue.