Kabari za Donya Hermelinda

Kanisa la Mama Yetu wa Matete lilijengwa juu ya ziwa lililofukiwa, na ziwa lile halikuridhia kamwe. Kwa miaka mia tatu liliumeza upande wa mbele kidogo kidogo, hata kuba la vigae vya buluu likaegemea uwanjani, na mlango mkuu, ambao zamani ulipandwa kwa ngazi saba, ukawa unashukwa kwa ngazi nne. Maharusi walipanda kwenda altareni wakihema. Wakirudi, ndoa imekwisha kufungwa, waliteremka mbio bila kutaka. Katika mtaa ule hakuna aliyeliona hilo kuwa ajabu. Mtu akiangusha chungwa altareni, huliokota mlangoni.

Walichokistaajabia wageni ni kwamba ndani ya jengo lililoinama vile, watakatifu tisa wa kuchongwa walisimama wima kama askari. Hiyo ilikuwa kazi ya Hermelinda Xolalpa, binti wa seremala, aliyeipokea kwa waliomtangulia akiwa na miaka kumi na tisa na kuifanya hadi nywele zikaingia mvi.

Katika mji mzima, sikukuu ya Wafalme Watatu, watu hukata mkate wa mviringo uliofichwa mwanasesere ndani yake, na atakayempata huwapikia wenzake tamale, unga wa mahindi uliofungwa majanini, siku ya Mishumaa. Ila parokia ile iliongeza sharti lake: aliyempata mwanasesere alitoa pia kabari moja ya mwerezi, nyembamba kama ulimi, imechongwa jina la ukoo. Hermelinda aliweka gilasi ya maji miguuni pa mtakatifu aliyefikiwa na zamu mwaka huo, akaisukuma kabari chini ya kitako chake upande wa mlangoni, mpaka maji yakatulia sawa na ukingo. Ujira wake ulikuwa chumba kimoja nyuma ya sakristia, mahali padri anapovalia. Desturi ilisema hivi tu: chumba ni cha mwenye kabari.

Kwa hiyo mainjinia walipokuja kulinyoosha kanisa, Hermelinda alijua kinachonyooshwa ni nini.

"Donya, jengo likishakaa sawa, wewe utabaki na kazi gani?" aliuliza Don Wulfrano, mwenyekiti wa baraza la parokia, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akikitamani chumba kile aweke viti vya ukumbi.

"Nitakutia wewe kabari, Don Wulfrano. Ndiwe utakayebaki umepinda."

Injinia Rentería, kijana mpole mwenye kofia ya manjano, alieleza kwamba watanyofoa tope chini ya upande wa altare, ili upande huo ushuke uufuate wa mbele. Aliomba jambo moja: watakatifu watolewe kwanza. Koo zote zilikataa. Kila ukoo ulihofu kwamba kabari ya jirani itarudishwa kabla ya yake.

"Babu yangu yuko chini ya Yosefu tangu mwaka wa themanini na saba wa karne iliyopita," alisema Donya Tranquilina, mpika supu. "Hatoki."

"Ni kipande cha mti, mama," alisema injinia.

"Mwanangu, hata babu alikuwa hivyohivyo. Hakuna aliyemsogeza."

Basi watakatifu wakaachwa. Miezi kumi na sita mabomba yalifyonza tope, na wiki moja kabla ya sikukuu ya Mishumaa, siku ambayo askofu mwenyewe angekuja kuibariki kazi, kanisa lilikuwa limenyooka. Wazee waliozoea mwinuko waliingia wakinyanyua magoti kama majogoo matopeni. Kwaya ilianguka kifudifudi, kwa maana ilijizuia dhidi ya mteremko ambao haukuwepo tena. Na watakatifu wote tisa, wakiwa na kabari za karne tatu chini ya visigino, walikuwa wameinama kuelekea altare, kama viziwi waliokuja kusikiliza mahubiri.

Padri Gaudencio alishika kichwa. "Hermelinda, toa kabari zote kabla askofu hajaja Jumatano."

Hermelinda alijua kwamba akizitoa, ametoa na kitanda chake. Hata hivyo alichukua nyundo, kwa maana alifundishwa kumtii padri. Alimkuta Donya Tranquilina amekaa kwenye kiti mbele ya Yosefu, mwiko mkononi.

"Mguse uone."

Mbele ya kila mtakatifu palikuwa na kiti, na kwenye kila kiti palikuwa na mtu. Don Wulfrano, aliyekuwa akimlinda mjomba wake chini ya Mikaeli, alipendekeza injinia aombwe alirudishe kanisa lilivyokuwa. Injinia Rentería aliketi sakafuni, akaomba maji. Hermelinda akampa gilasi, naye akainywa yote.

Akimtazama anavyokunywa, ndipo wazo lilipomjia. Kwani ni lazima kutoa?

"Donya Tranquilina," alisema polepole, "ukoo wako ukipewa kabari ya pili, upande wa altare, unene uleule, jina lilelile, utakataa?"

Mwiko ulishuka. "Majina mawili?"

"Mawili."

"Na ukoo wa Wulfrano?"

"Nao pia."

"Hapo umeharibu," alisema Tranquilina, lakini alisogeza kiti.

Kwa siku nne kila seremala wa mtaa alichonga kabari. Jumatano asubuhi watakatifu walisimama wima tena, ila wote walikuwa wamepanda juu kwa kimo cha goti. Upanga wa Mikaeli ulitokeza dirishani. Yosefu, ili apate mahali pa kuweka kichwa, ilibidi gamba la mawe lililopamba sehemu ya juu ya kidaka chake cha ukutani livunjwe.

Askofu alikuwa mzee, shingo imekakamaa. Alitazama juu kwa muda mrefu mno.

"Nani aliyewainua watakatifu hivi?"

Don Wulfrano alimsukuma Hermelinda mbele kwa kidole.

"Ni mimi, Baba Askofu."

"Kwa nini?"

Alitaka kueleza habari za ziwa, na tope, na mababu. Akageuka akaona koo zote zinamtazama bila kupepesa.

"Walikuwa chini mno, Baba."

"Kweli!" alisema askofu, na machozi yakamlengalenga. "Kila parokia ninayokwenda, watakatifu wamewekwa kama vyungu vya maua. Wote na waje wajifunze kwako."

"Don Wulfrano," Padri Gaudencio alinong'ona, "viti vyako vitafutie mahali pengine."

Jumatatu sakristani wa kwanza alifika kutoka parokia ya kaskazini, kofia mkononi, msumeno kwapani. Hermelinda alimkaribisha chumbani mwake, akamkalisha, akamwandalia gilasi.

"Kanisa lenu limeinama upande gani?"

"Halijainama, Donya. Limesimama sawasawa."

"Pole, mwanangu," alisema Hermelinda. "Basi nyinyi mtaanza pande zote mbili kwa pamoja."