Kamba za Ng'ombe Darasani

Mwaka niliomaliza chuo cha ualimu nilipewa darasa la kisomo cha watu wazima kijijini kwetu, Old Moshi. Wanafunzi wangu walikuwa kina mama kumi na wanane, wengi wakubwa kuliko mama yangu. Mmoja alikuwa bibi yangu mzaa baba. Kila alasiri niliwaamkia shikamoo wote, ndipo nikaanza kuwafundisha.

Siku moja tulikuwa tunasoma sentensi kuhusu mlima. Bibi akaweka penseli chini.

"Mwalimu," alisema, maana darasani hakuniita mjukuu, "huu mlima ulianza lini?"

Jibu nililijua, ila namba zake zingewapita kama upepo. Nikawaomba kesho yake kila mmoja aje na kamba ya kufungia ng'ombe.

Walikuja nazo, kamba za mkonge, nyingine zinanuka zizi. Tukaziunga na kuzinyoosha uwanjani, nikapima hatua arobaini na sita.

"Kila hatua ni miaka milioni mia moja," nikasema. "Hapa dunia inazaliwa, moto mtupu. Kule mwisho ndiyo leo."

Tukatembea. Karibu na hatua ya tisa niliwaonyesha uhai wa kwanza: vijidudu vya majini, vidogo hata jicho halivioni. Tukafika ishirini. Tukafika thelathini.

"Bado vijidudu tu?" bibi akauliza.

"Bado, bibi. Samaki wako kule karibu na mwisho."

"Mungu ana subira."

Hapo mzee wa kanisa alikuwa anapita na baiskeli yake. Akasimama.

"Mwalimu, unawafundisha nini hawa?"

Nilihofu ataona napingana na Biblia. Kabla sijajibu, bibi akasema, "Anatuonyesha jinsi Mungu asivyo na haraka. Njoo utushikie kamba, pale kwenye samaki."

Mzee alisita, akalaza baiskeli kwenye majani, akaja kushika. Samaki walikuwa hatua tano tu kutoka mwisho. Mama mmoja alishika mimea ya nchi kavu, mwingine akashika mijusi wakubwa kama nyumba, waliotoweka kabla hatua ya mwisho haijafika nusu. Ndipo nikaweka kidole kwenye ncha ya kamba.

"Mlima wetu ni upana wa kidole hiki."

Wote waligeuka kutazama juu. Mawingu yalikuwa yamefunguka na theluji ya kilele cha Kibo inang'aa. Bibi akashika kiuno, akaanza kucheka.

"Kumbe ni mtoto mchanga."

"Ndiyo maana bado amevaa kofia," mwenzake akasema, na uwanja mzima ukacheka, mzee wa kanisa pamoja nao.

"Na sisi watu?" mzee akauliza alipotulia.

Nikachomoa uzi mmoja wa kamba. "Unene wa huu."

Aliupokea, akautazama huku akitabasamu.

Tulipotaka kugawana kamba, mafundo yalikataa kufunguka. Tulivuta kwa meno, tukavuta kwa vijiti, na bado baadhi ya kina mama walirudi nyumbani mikono mitupu. Jioni ile ng'ombe wawili walikula maharage ya jirani.

Nilidhani kesho yake nitalaumiwa. Badala yake nilikuta kina mama wageni kumi wamekaa darasani.

"Wanataka kutembea kama sisi," bibi akaniambia.

Tukatoka tena uwanjani. Safari hii bibi ndiye aliyetangulia akieleza, nami nikafuata nyuma.