Bangili za Mama Zilizokataa Kung'aa

Mama alikuwa na bangili mbili za fedha, zimechorwa maua madogo pande zote. Baba, aliyekuwa akifanya kazi reli pale Voi, alizinunua kwa sonara wa Mombasa walipooana. Mama alizivaa sikukuu na harusi tu. Siku nyingine zilikaa ndani ya sanduku, zikafubaa na kuwa nyeusi.

Nilikuwa darasa la saba mdogo wake Mama alipokuwa anaolewa kule Ronge. Jumamosi moja kabla ya harusi, Mama alinipa zile bangili nizisafishe. Nilichekecha majivu laini, nikakamulia ndimu, nikazisugua kwa kipande cha fulana kuukuu mpaka nikauona uso wangu ndani yake. Nikampelekea kwa furaha.

Alizigeuzageuza. "Mbona umeniletea vilevile?"

"Nimezisafisha, Mama."

"Hizi bado nyeusi. Rudi ukasugue."

Nilirudi. Nikazichemsha kwa magadi, nikasugua tena. Akazirudisha tena. Mara ya tatu nilikuwa nalia kwa hasira. Nikachukua mchanga wa mtoni, nikasugua kama anayesugua masizi ya sufuria. Nilipozisuuza, maua yalikuwa yamefutika, hasa upande wa nje.

"Mama, unanionea," nilimwambia nikimtupia mapajani.

Hakunigombeza. Alitoka nje akasimama katikati ya ua, jua la saa saba likiwa utosini, akaziinua karibu na jicho moja, kisha jingine. Baba alikuwa ndiyo anaingia kutoka kazini.

"Zimetakata kweli," alisema Baba. "Zinaumiza macho."

Mama alizishusha. Kisha akauliza polepole, "Wewe unaziona nyeupe?"

Hapo ndipo alipotuambia. Kwa miezi mingi alikuwa anachagua maharagwe kwa vidole. Sokoni alitambua watu kwa sauti. Mimi niliyelala naye nyumba moja sikujua lolote. Nilidhani amekuwa mzito tu, na mkali.

Baba aliomba ruhusa kazini akampeleka hospitali Mombasa, nami nikaenda ili nimshike mkono. Daktari alimulika macho yake kwa muda mrefu. Akasema presha ya macho imeua mshipa wa kuonea, na kilichokufa hakifufuki. Dawa ingechelewesha kidogo.

"Mngemleta mapema," alisema.

Tulirudi kwa treni. Mama alikaa dirishani, na hakuuliza tumefika wapi.

Harusini alikwenda. Nilimvalisha zile bangili mwenyewe. Wakati wa nyimbo nilimwona akizipapasa kwa kidole gumba, kikizunguka na kuzunguka, akitafuta maua. Nilingoja aniulize. Hakuniuliza, na mimi sikusema, wala sikuwahi kumwomba msamaha.

Mwaka uliofuata giza lilimfunga kabisa. Nilikuwa nimefaulu mtihani, lakini nyumbani hapakuwa na mwingine wa kumwongoza chooni na kumpikia, kwa hiyo barua ya shule ya sekondari ikakaa kwenye kabati mpaka muhula ukapita. Nilimtunza miaka kumi na mmoja. Watu wa kanisani walinisifu kwa moyo wangu mwema. Siku nyingi nilikuwa namlisha bila kumsemesha, nikiwa nimenuna, nikijiambia kwamba angalau haoni uso wangu.