Nguzo za Vyumba vya Uani

Niliporudi Kibiti na mabegi mawili na binti yangu wa miaka mitano, baba hakuniuliza habari za talaka. Alinipeleka uani akanionyesha juu. Pale nyuma ya nyumba aliongeza vyumba viwili kwa mikono yake mwenyewe, na kwenye kila pembe nguzo ya zege imepita juu ya bati, nondo zinachungulia, kama zilivyo nyumba nyingi za huku ambazo wenyewe wanangojea siku ya kupandisha.

"Chumba chako kipo pale juu," akasema. "Mimi nilijenga nyumba ya kubeba ghorofa. Ni kupandisha tu."

Nyumba ya mbele anakaa kaka yangu na mkewe na watoto wanne. Uani chumba kimoja cha baba na mama, cha pili cha bibi. Mimi na binti yangu tukawa tunalala sebuleni, na kila alfajiri wifi yangu anaturuka akienda kuwasha moto. Hakuwahi kusema neno baya, lakini mtu anajijua anapokuwa amezidi. Sina subira, nakiri. Tofali niliagiza kabla hata sijamtafuta fundi.

Baba alichukia kusikia fundi anakuja kukagua. "Kukagua nini? Mimi si nipo?" Mama akamwambia amwache mtoto aridhike. Basi fundi alipofika kutoka Nyamwage alimkuta mzee amekaa kwenye kigoda katikati ya uwanja, kanzu nyeupe na kofia, na siku yenyewe Jumanne.

Fundi alichimba pembeni ya ukuta mpaka akauona mwisho wa msingi. Akapima kina, akapima upana, akasema kwa hapa mzee alijitahidi. Baba akanitazama kwa jicho la si nilikwambia. Halafu fundi akaanza kuzigonga nguzo kwa nyundo, moja baada ya nyingine, sikio karibu. Kwenye ya tatu akarudia kugonga. Akachukua tindo, akabandua plasta, akabomoa zege kidogo kidogo.

"Dada, hebu njoo."

Nilichungulia. Ndani ya zege, mahali pa nondo, kulikuwa na boriti ya mkoko, ganda lake jekundu bado lipo, nayo imesinyaa mpaka kidole kinapita kati yake na zege. Baba amekata mikoko Mbuchi, kule deltani, tangu ana ndevu za kwanza. Kule chuma kinaliwa na maji chumvi na boriti inabaki, sasa nani angemwambia chuma ndicho cha kutia kwenye nguzo? Alisimamisha boriti nne kwenye kila nguzo, akazifunga kwa kamba, akamwagia zege.

"Na zile za juu?" nikauliza.

Fundi akapanda ngazi, akashika nondo moja, akaitikisa, ikatoka. Haikuzidi urefu wa mkono. Akashuka nayo akailaza chini mbele ya baba, kwa adabu, akasema, "Mzee, hapa ghorofa hapana. Hata tofali moja nisingeweka."

Hasira ikanipanda. Nilimwambia baba kwamba angetuua, kwamba amenidanganya mbele ya mwanangu, na mengine ambayo mpaka leo nikiyakumbuka nafumba macho. Kuhusu mkoko alinijibu, tena kwa ukali. Kuhusu zile nondo aliangalia mikono yake tu.

Mama ndiye aliyesema. "Alizichomeka wiki uliyoolewa. Ulipokwisha kupelekwa Dar, akaenda kuokota vipande kwa watu waliokuwa wanajenga. Nikamuuliza vya nini. Akasema, mtoto akija kututembelea avione, ajue huku hatujamaliza kujenga. Akiteswa huko asije akadhani nafasi yake imejaa."

Nilikaa chini palepale kwenye udongo wa fundi. Nikamwambia baba jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu. Siku ninafunga mabegi, yule aliyekuwa mume wangu alisimama mlangoni akanicheka, akaniuliza nitakwenda wapi na mtoto, kwetu tunalala kama dagaa. Na mimi nilimjibu, bila hata kufikiri, kwamba kwetu kuna ghorofa langu linaningoja, maana zile nondo nilikuwa naziona kila nikija kutembea. Nikatoka.

"Ulimwambia hivyo?" baba akauliza.

"Nilimwambia hivyo hivyo, baba."

"Akasemaje?"

"Alinipisha mlangoni."

Baba alijifuta uso kwa kiganja, mara mbili. Nilimuomba radhi, akanipungia mkono ninyamaze, na nilimpenda siku ile kuliko siku zote nilizowahi kumpenda. Akamuuliza fundi chumba cha chini kingeweza kukaa wapi. Fundi akatazama huku na huku, akasema nafasi ipo moja tu, pale penye migomba.

Ile migomba hata mama alikuwa haruhusiwi kukata jani bila kuuliza. Baba aliingia ndani, akavua kanzu, akatoka na panga. Adhuhuri ilipoadhiniwa, yote ilikuwa chini.